Hakimu aliponiuliza watoto wanaamka saa ngapi

Nilikwenda mahakamani nikiwa nimelikumbatia faili lililofura. Ndani yake mlikuwa na barua, jumbe za simu nilizozichapisha kwa mtu wa fotokopi, majina ya mashahidi watano, na daftari la kurasa 100 ambamo kwa miezi 10 nilikuwa nikiandika kila kosa la mume wangu pamoja na tarehe na saa yake. Nilikuwa na hakika kwamba hakuna swali ambalo lingenikuta sina jibu. Hakimu, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, hakulifungua faili lile. Aliweka kiganja chake juu yake, akanitazama, akaniuliza: "Mama, siku za shule watoto wanaamka saa ngapi, na nani anawapeleka?" Nikajibu. Akauliza yule mdogo analala na nani. Nikajibu. Akauliza baba yao akirudi kutoka kazini wanafanya naye nini. Hapo nilinyamaza, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa kwamba wanafurahi, na katika daftari langu lote hamkuwa na mstari hata mmoja uliosema hivyo.

Tangu tutengane imepita miaka 4, na tangu mahakama ivunje ndoa yetu tunaingia mwaka wa tatu. Naishi Katuba, hapa Lubumbashi, katika parsele, yaani kiwanja, ya wazazi wangu, pamoja na watoto watatu ambao wakati wa kutengana walikuwa na miaka 12, 8 na 4. Baba yao anakaa Bel-Air na anafanya kazi mgodini kwa zamu, upande wa Fungurume. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, si mwanasheria. Nayaandika haya kwa sababu mwaka huu wanawake wawili na mwanamume mmoja wa mtaani kwetu wamenijia jioni, kila mmoja kwa siku yake, wakiniuliza namna ya kuanza, na wote watatu walikuwa wameshika faili kama lile langu: limejaa mambo ya mwenzao na halina lolote la watoto.

Kabla ya mahakama kulikuwa na kikao cha wazee. Mimi ni Mubemba wa upande wa Sakania, na mume wangu ni Muluba wa Kasai, ingawa yeye na baba yake wote wamezaliwa hapa hapa mjini. Kwetu mtoto hufuata ukoo wa mama, na mjomba, ambaye tunamwita bayama, ana neno zito juu yake. Kwao mtoto ni wa ukoo wa baba, na shangazi husimama kama baba wa kike. Katika mji huu uliojengwa na watu waliokuja kutoka kila upande kufanya kazi ya shaba, ndoa kama yetu ni nyingi sana, na zinapovunjika mila mbili hukutana uso kwa uso juu ya kichwa cha mtoto. Wazee wa pande zote mbili waliketi chini ya mwembe wetu kuanzia saa nane mchana hadi giza lilipoingia, wakajadili watoto ni wa nani, mahari yaliyotolewa yana maana gani, nani alianza kumtukana nani. Nawaheshimu wazee hao. Ndio waliotuoza na ndio waliotulisha tulipokwama. Lakini muda wote huo hakuna aliyeuliza kesho yake asubuhi nani angewapeleka watoto shuleni, na mimi mwenyewe sikuuliza.

Sheria ya Kongo inalitazama jambo hili kwa jicho lingine. Sheria ya jamaa, ile nambari 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa na sheria nambari 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016, inasema kwamba talaka hutolewa na mahakama peke yake. Kurudisha mahari, kufungasha vyombo na kurudi kwenu, hata barua ya kikao cha wazee iliyotiwa sahihi na pande zote mbili, havivunji ndoa iliyoandikishwa komine, yaani kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Nimekutana na mwanamke aliyekuwa ameondoka kwa mumewe miaka mingi, akijua kwamba wameachana, na mbele ya serikali alikuwa bado mke wa mtu. Kuhusu watoto, sheria hiyo haiulizi ukoo. Inamtaka hakimu aangalie faida yao, amkabidhi ulezi mzazi mmoja au, ikibidi, mtu mwingine kabisa, na inasema wazi kwamba yule asiyekaa nao habakii kando: anabaki na haki ya kufuatilia malezi yao na wajibu wa kuyachangia kulingana na uwezo wake. Kifungu cha 591 kinasema kwamba kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba, na kwamba hakuna mwenye haki ya kujifanya hamjui mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje ya ndoa. Ikaja tena sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, inayomhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18 na kuitanguliza faida yake katika kila uamuzi unaomgusa. Nilipomsomea bayama wangu maneno haya kwa Kiswahili, taratibu, alikaa kimya kwa muda, kisha akasema: "Basi hata sisi tuliokaa chini ya mwembe tulikuwa tumeanzia mkiani."

Ombi la talaka hupelekwa kwa rais wa mahakama ya amani, ile ambayo wengi wetu tunaiita Tripaix, kwa maandishi au hata kwa mdomo, na ndani yake unaeleza sababu zako. Mama yangu alikuwa na wasiwasi kwamba mke hawezi kusimama mbele ya sheria bila ruhusa ya mumewe, kwa kuwa enzi zake ruhusa hiyo ilidaiwa kwa mambo mengi; marekebisho ya mwaka 2016 yameiondoa. Kinachotafutwa na hakimu ni kujua kama ndoa imeharibika kiasi cha kutotengenezeka tena, yaani kama matukio yenyewe yanamshawishi kwamba kuendelea kuishi pamoja hakuwezekani. Kwa hiyo orodha yangu ya makosa ilikuwa na kazi yake, na sitaki mtu aiache nyumbani. Lakini kazi hiyo ilikuwa moja tu, na ilimalizika mapema sana kuliko nilivyodhani. Siku ile hakimu alipokwisha kuelewa kwamba nyumba yetu imekufa, kilichobaki mezani kilikuwa maisha ya watoto watatu, nami sikuwa nimekuja na kitu.

Hapa lazima niseme jambo moja kwa nguvu. Ninayoyaeleza ni ya watu wawili walioshindwana bila kupigana. Mwenye kupigwa, au ambaye watoto wake wanapigwa au kuguswa vibaya, asianze na vikao wala na usuluhishi. Aanze na usalama wake na wao, aende hospitali apate cheti cha daktari, aende kwa polisi wanaoshughulikia ulinzi wa watoto na wanawake, na amweleze hakimu tangu neno la kwanza. Kuambiwa "vumilia, ndoa ni kuvumiliana" kumewazika dada zetu wengi mno.

Kabla ya kuisikiliza kesi yenyewe, hakimu anatakiwa kujaribu kuwapatanisha wenye ndoa, na katika hatua hiyo mnakuja wenyewe, ana kwa ana, mlango umefungwa. Tuliketi kwenye benchi moja, kati yetu pakiwa na nafasi ya mtu mmoja. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye basi la wafanyakazi, na viatu vyake vilikuwa na lile vumbi jekundu la njia ya mgodi hadi kwenye kamba. Hakimu alimuuliza lile swali lililonishinda. Akajibu bila kufikiri: "Nikiwa nyumbani, mimi na yule wa katikati tunakwenda kununua mkate wa moto alfajiri. Njiani ananihadithia mambo yote ya shuleni." Nilikuwa nimekaa na mtu huyo miaka 14, na mkate huo nimeula mara nyingi, lakini sikujua kwamba mtoto wangu, ambaye nyumbani huongea kidogo sana, alikuwa na saa yake ya kuongea.

Sikurudiana naye. Ndoa yetu ilikuwa na majeraha ambayo siyaandiki hapa kwa sababu ni ya baba wa watoto wangu pia, nao siku moja watajua kusoma kila kitu. Lakini nilitoka chumbani mle nikijua kwamba ile njia ya kwenda kununua mkate haikuwa mali yangu wala yake ya kugawanywa. Usiku huo nililichukua daftari langu, nikaligeuza kichwa chini miguu juu kama wanavyofanya wanafunzi wangu wanapotaka kuanza somo jipya, nikaanza kuandika kutoka nyuma. Niliandika saa ya kuamka ya kila mmoja. Niliandika kwamba wa kwanza hali sombe, yaani majani ya muhogo, ikiwa na karanga, kwamba wa katikati kifua humbana wakati wa kiangazi, mwezi wa sita na wa saba, baridi inapochanganyika na vumbi, na dawa yake hukaa wapi. Niliandika jina la mwalimu wa kila mmoja, rafiki anayemtaja sana, kitu kinachomlaza kitinda mimba. Kwa kila jambo nililiachia nafasi pembeni, na baba yao aliporudi kutoka zamu nilimpa daftari lile kupitia kwa dada yake mkubwa ili ajaze anayoyajua yeye. Alijaza kurasa nne. Mambo mengine niliyoyasoma humo yaliniumiza, kwa sababu yalikuwa ya kweli na mimi sikuyajua.

Tulipofika mbele ya hakimu mara ya pili, karatasi hizo ndizo zilizosomwa. Ningependa kila anayekwenda Tripaix akiwa na watoto aingie na karatasi za namna hiyo, pamoja na vyeti: cheti cha ndoa au kitabu cha jamaa, vyeti vya kuzaliwa, ripoti za shule, kadi za hospitali. Ni katika kutafuta vyeti hivyo ndipo nilipogundua kwamba kitinda mimba wetu hakuwahi kuandikishwa. Sheria inatoa siku 90 baada ya kuzaliwa; siku hizo zikipita, huwezi tena kwenda komine tu, inahitajika hukumu ya mahakama kuchukua nafasi ya tamko lenu, na hilo lilitugharimu wiki nyingi na pesa ambazo zingenunua viatu vya shule. Wenye watoto wadogo, hata kama mnapendana, kachungulieni leo kwenye sanduku la vyeti.

Kuhusu mawakili nitasema kwa kifupi. Wa kwanza niliyempata alichukua dola 300, akanipa karatasi moja, na mara mbili hakufika. Mara zote mbili nilisimama peke yangu kwenye baraza ya mahakama nikimpigia simu isiyopokelewa. Simtaji, na sisemi wote ni hivyo, kwa sababu wa pili alinisaidia kwa moyo. Nilimpata kwa njia ambayo wengi hawaijui: mabaraza ya mawakili nchini yana ofisi ya mashauri ya bure, ambayo kwa Kifaransa inaitwa Bureau de consultations gratuites, kwa ajili ya wasio na uwezo, na komine inaweza kumpa mtu cheti cha kuthibitisha hali yake hiyo. Kila pesa unayotoa, popote, omba risiti. Na mwambie wakili wako yote, hata yale yanayokuaibisha, kwa maana mficha uchi hazai.

Sasa niseme lililo gumu kuliko karatasi zote. Tulichelewa kuwaambia watoto. Tulidhani tunawalinda, na wakati huo huo walikuwa wamekwisha kusikia kila kitu kupitia ukuta, ila wamekisikia vipande vipande na kukishona wenyewe. Tulikubaliana tungoje siku ambayo baba yao yupo, tukae wote watano, na maneno tuyapange kabla. Yalikuwa machache: kwamba baba na mama hawatakaa tena nyumba moja, kwamba si kwa sababu ya jambo lolote walilolifanya wao, kwamba shule haibadiliki, kwamba watalala Katuba na watakwenda Bel-Air kila baba anapotoka zamu, kwamba wanaruhusiwa kulia na kukasirika. Nilikuwa nimeyarudia maneno hayo jikoni kama mtu anayejifunza wimbo wa kwaya. Kitinda mimba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza televisheni itakaa nyumba ipi. Shangazi mmoja aliyekuwepo alimkemea, nami nilimwomba amwache, kwa sababu kwa mtoto wa miaka 4 nyumba ni vitu hivyo, na anapouliza televisheni inakwenda wapi anauliza yeye anakwenda wapi.

Kila mmoja aliumia kwa namna ya umri wake. Mdogo alianza tena kukojoa kitandani, jambo alilokuwa ameliacha zaidi ya mwaka mzima. Mama yangu alitaka kumwaibisha mbele ya wenzake ili aache, kama walivyofanya zamani. Nilimbembeleza, tukawa tunatandika nailoni chini ya shuka, tunafua asubuhi bila neno, na baada ya miezi kama mitano jambo hilo likaisha lenyewe. Mkubwa alikasirika waziwazi, akaacha kunisalimia anapotoka shuleni, alama zake za hesabu zikaanguka. Hao wawili walinitia hofu, lakini walinionyesha wanaumia wapi.

Wa katikati ndiye aliyenipita machoni. Alikuwa mwema ghafla. Aliosha vyombo bila kutumwa, alimfunga mdogo wake vifungo vya shati, hakuomba kitu chochote, na kila mgeni aliyefika alimsifu kuwa binti mkubwa sasa. Mimi ambaye kazi yangu ni kukaa na watoto kutwa nzima, nilifurahia wema ule kwa wiki kadhaa kwa sababu ulinipunguzia mzigo. Kisha jioni moja, nikikusanya sahani, niliona tonge la bukari, yaani ugali, limebaki kwenye sahani yake, limepangwa vizuri pembeni na kufunikwa na jani la sombe. Kesho yake vilevile. Nilimkalisha mapajani, ingawa miguu yake ilikuwa imeshakuwa mirefu, nikamuuliza. Akasema kwamba siku moja alinisikia mimi na baba yake tukigombana juu ya pesa za unga na za shule, akafikiri kwamba kama angekula kidogo tangu mwanzo, pesa zingetosha, na baba hangeondoka. Mtoto wa miaka 8 alikuwa amejihukumu peke yake, usiku, bila hakimu wala mtetezi, na adhabu yake alikuwa ameshaanza kuitumikia kwenye sahani. Nimekuwa nikiwaambia wazazi wenzangu tangu siku hiyo: mtoto anayelia mtamwona wenyewe, huyu aliyetulia ghafla ndiye wa kumfuata hadi jikoni. Na yale maneno ya "si kwa sababu yenu" hayatoshi kusemwa mara moja mbele ya kikao. Mimi nimeyasema mara nyingi mno kuhesabu, njiani, tukichambua mchele, nikimsuka nywele, na bado kuna siku naona anayahitaji.

Kosa langu kubwa, hata hivyo, lilimwangukia mkubwa. Shule za msingi za serikali hazidai ada tangu mwaka wa shule ulioanza Septemba 2019, lakini yeye alikuwa ameingia sekondari, na minervali yake, yaani ada ya shule, ilipaswa kulipwa na baba yake. Mwezi mmoja pesa zilichelewa. Nilikuwa sitaki kuisikia sauti ya mtu yule, kwa hiyo Ijumaa mtoto alipokuwa anatoka kwenda Bel-Air nilimwambia getini: "Mwambie baba yako watakufukuza shuleni kwa ajili yake." Hakunijibu. Alisimama akiukunja na kuukunjua mkanda wa mfuko wake wa mgongoni, akiukunja na kuukunjua, mpaka teksi ilipopiga honi. Jumapili alirudi, akaweka pesa mezani, akasema kwa sauti iliyokuwa kavu kabisa: "Baba anasema hizi hapa, na anasema mama yako ajifunze kuuliza vizuri. Mimi sitaki tena kubeba." Kwa siku mbili watu wazima wawili walikuwa wamerushiana maneno, na aliyepigwa na maneno yote, ya kwenda na ya kurudi, alikuwa yeye.

Nilimwomba msamaha jioni hiyo hiyo, na usiku nilimwandikia baba yake ujumbe wangu wa kwanza usio na lawama. Tangu hapo pesa zote hupita kwenye simu, na kila zinapotumwa tunaandikiana zimetumwa kwa ajili ya nini: minervali ya Oktoba, dawa ya kifua, viatu. Jumbe hizo tunazihifadhi wote wawili, na siku mahakama itakapouliza, jibu lipo. Sheria inaposema kila mzazi achangie kulingana na uwezo wake, ina maana pia kwamba mwenye kuona kiasi kilichowekwa hakilingani tena na hali, kwa mfano amepoteza kazi au mtoto ameugua, ana njia ya kurudi kwa hakimu akaomba kibadilishwe. Hana ruhusa ya kunyamaza tu na kuacha kutoa, wala mwenzake hana ruhusa ya kumnyima kuwaona watoto kwa sababu hajatoa. Hayo mawili yanafungwa pamoja na wazazi wengi sana wa mji huu, "hana pesa, hana watoto", na ni kosa. Nimelifanya kwa wiki tatu, kwa hiyo najua linavyoonekana kuwa la haki unapolifanya.

Hukumu ilipotoka ilikuwa ya Kifaransa, kurasa kadhaa, nami nilimwomba wakili aisome yote kwa Kiswahili mbele yangu na mbele ya bayama, neno kwa neno. Nawashauri mfanye hivyo, kwa maana mtu anaweza kubeba miaka mingi karatasi asiyojua inamwagiza nini, na pia kwa sababu asiyekubaliana nayo anaweza kukata rufaa kwenye mahakama kuu ya eneo kabla muda wake haujapita. Sisi hatukukata rufaa. Watoto walikabidhiwa kwangu, na baba akapewa wikendi mbili kila mwezi na nusu ya likizo. Kwa hakimu lilikuwa agizo zuri, lakini zamu za mgodini hazijui Jumamosi. Kuna miezi ambayo wikendi zote mbili zingemkuta Fungurume, na siku zake za mapumziko zingeangukia siku nyingine kabisa. Mwezi wa kwanza tulishika maandishi kama yalivyo, na watoto hawakumwona baba yao hata siku moja. Ndipo bayama wangu na dada mkubwa wa baba yao, wale wale waliogombana chini ya mwembe, walipotuketisha tena, safari hii kwa saa moja tu, tukaandika ukurasa mmoja: akitoka zamu watoto wanalala kwake usiku tatu, hata kama ni siku za shule, na yeye ndiye anayewapeleka na kuwachukua, ratiba ya zamu anaituma mara anapoipata, mkubwa akiwa na mtihani anachagua mwenyewe atalala wapi, anayetaka kuwatoa watoto nje ya mji, iwe Likasi, iwe kuvuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kwa dada yangu aliyeko Ndola, Zambia, anapata kwanza kibali cha mwenzake kwa maandishi. Tulitia sahihi, na wakili akauweka pamoja na hukumu. Kwa kweli nilidhani mila zetu zimeshindwa kabisa katika jambo hili, na ninafurahi kwamba nilikosea. Wazee wale walipoulizwa swali sahihi walikuwa na busara ambayo hakuna ofisi ingenipa.

Huzuni yangu mwenyewe niliipeleka kwa dada yangu mkubwa anayekaa Kamalondo, kila Jumatano mchana watoto wakiwa kwa nyanya yao. Kwake nililia, nikatukana, nikasema yote, nikanawa uso, nikarudi. Kazini kuna walioacha kuniita mama fulani na kuanza kuniita kwa jina langu tu, kana kwamba ndoa ilipovunjika uzazi nao ulivunjika. Hilo liliniuma kwa muda mrefu kuliko nilivyokubali kuonyesha. Baba yao naye, nilikuja kujua, alikuwa akilia kwenye basi la zamu, akiwa amefunika uso kwa kofia. Aliniambia hilo mwaka jana, tumesimama getini, na sikujua la kumjibu, nikamletea maji ya kunywa.

Ratiba ya zamu sasa iko chini ya uangalizi wa binti yangu wa katikati. Alichora mwezi kwenye karatasi ya manila, akaibandika ukutani karibu na mlango, na usiku wa Bel-Air anauzungushia kalamu ya kijani. Baba yake akipigiwa simu na wakubwa wake kwamba zamu imebadilika, hampigii mtu mwingine kwanza, anampigia yeye. Jana jioni simu ililia tukiwa mezani. Alisikiliza, akasema "ndiyo, papa", akaenda ukutani na kifutio, akafuta duara mbili, akazihamishia kwenye wiki inayofuata, kisha akarudi kukaa, akamaliza bukari yake yote, akaniuliza kama dukani bado wanauza kalamu za kijani, kwa sababu ile yake inakaribia kuisha wino.